Seli haikaririki: ushauri kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Kila muhula unapoanza, ujumbe ninaopokea hubadilika jina la mwandishi tu. Huyu anasoma ualimu wa sayansi, yule famasia, mwingine uuguzi au kilimo, lakini swali ni lile lile: "Kidato cha sita nilifaulu baiolojia vizuri. Hapa chuo nakesha, madesa yote nimeyamaliza, na bado test ya kwanza ya seli na molekuli nimeanguka. Nakosea wapi?"

Jibu langu ni fupi na wengi hawalipendi: unasoma kwa macho somo linalosomwa kwa mkono. Chuoni hakuna anayekupa alama nyingi kwa kujua jina la kitu. Unaulizwa kitu kinaelekea wapi, viko vingapi, na kikiharibika kinafuata nini. Mambo hayo hayaingii kichwani kwa kupitisha macho kwenye slaidi. Huingia kwa kuchora, kuhesabu, kufuta na kuanza upya. Kwa hiyo kabla hujaendelea, tafuta karatasi zilizotumika upande mmoja, penseli na ufutio. Makala haya hayatamsaidia anayeyasoma amelala.

## Jipime kwanza

Funga daftari, kisha jibu:

- Ribosomu na mitokondria, kipi kikubwa, na takriban mara ngapi?
- Seli ya binadamu ikiwa kwenye anafezi ya mitosisi ina kromosomu ngapi?
- Mmea una mitokondria?
- Oksijeni unayovuta inaishia ndani ya nini: hewa ukaa au maji?

Ukisita kwenye mawili, endelea kusoma. Majibu utayakuta humu njiani. Ukiyapata yote, ruka hadi sehemu ya maabara, maana hata wanaojua nadharia huangukia huko.

## Ukubwa wa vitu: nusu saa tu

Hapa pa kukariri papo, lakini ni padogo. Chukua karatasi, chora mstari, upange vitu kutoka kikubwa hadi kidogo:

- seli ya ganda la kitunguu: takriban robo ya milimita
- chembe nyekundu ya damu: mikromita 7 hadi 8
- bakteria *E. coli*: urefu wa mikromita 2 hivi
- mitokondria: upana wa nusu mikromita hadi moja
- ribosomu: nanomita 20 hadi 30
- upana wa DNA: nanomita 2

Milimita moja ni mikromita 1,000, na mikromita moja ni nanomita 1,000. Sasa unaona mwenyewe kwamba mitokondria inaizidi ribosomu upana kwa makumi ya mara. Ongeza na hili: hadubini ya mwanga, hata ikiwa nzuri namna gani, haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Hii maana yake, mwanafunzi anayechora ribosomu kwenye ripoti ya kitunguu alichokitazama kwa hadubini ya chuo amechora alichokiona kitabuni, na mwalimu atalijua hilo papo hapo.

Mtego mmoja mdogo: ribosomu ya bakteria ni 70S, na sehemu zake mbili ni 50S na 30S. Kila mwaka kuna anayeandika 80S kwa sababu amejumlisha. Hiyo S ni kipimo cha kasi ya kuzama mashine inapozungusha sampuli. Si uzito, kwa hiyo haijumlishiki. Ya kwetu ndiyo 80S, yenye 60S na 40S.

## Mwelekeo wa DNA: hapa ndipo wengi wanapoanguka

Ningekuwa na saa tatu tu za kukufundisha somo zima, mbili ningezitumia hapa. Kanuni unazohitaji ni mbili:

1. Nyuzi mbili za DNA zinalala kinyume. Ncha ya 5' ya mmoja inatazamana na ncha ya 3' ya mwenzake.
2. Polimerasi hujenga kutoka 5' kwenda 3', siku zote, iwe inajenga DNA au RNA. Kwa hiyo kiolezo inakisoma kutoka 3' kwenda 5'.

Kila mtu anazijua kanuni hizi kwa mdomo. Tuone kwa mkono. Huu ni uzi wa kiolezo:

5'-CTT CTC CTC AGG AGT CAG ATG CAC CAT-3'

Toa mRNA yake, kisha asidi amino zake. Simama hapa, ufanye, ndipo urudi.

Umerudi. Makosa ninayoyaona ni mawili, na yote mawili yanampata mtu aliyesoma, si mvivu.

La kwanza ni la aliyekariri "anza na ATG". Anapita macho, anaiona ATG kwenye kundi la saba, anaidaka, anaandika AUG CAC CAU: methionini, histidini, histidini. Jibu linapendeza ila si kweli. ATG hiyo imekaa kwenye kiolezo, haipo kwenye mRNA.

La pili ni la anayejua kuoanisha herufi lakini akasahau ncha. Anaandika GAA GAG GAG UCC UCA GUC UAC GUG GUA, kisha anaanza kusoma kutoka kushoto. Herufi zote ziko sahihi. Ila kushoto hapo ni ncha ya 3', na ribosomu haianzii upande huo. Anapata protini isiyokuwepo na kupoteza alama zote za sehemu ya pili.

Njia salama ni hii, na usiruke hatua hata ukijiona umeshazoea:

1. Andika ncha za kiolezo kabla ya kitu kingine chochote.
2. Kama kimeandikwa kuanzia 5', kigeuze: 3'-TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC TTC-5'.
3. Chini yake oanisha, U badala ya T: 5'-AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG-3'.
4. Sasa ndipo utafute AUG ya kuanzia, usome herufi tatu tatu.
5. Fungua jedwali la kodoni: methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki, lisini.

Swali linaloweza kukuchanganya ni pale unapopewa uzi wa msimbo badala ya kiolezo. Hapo kazi ni nyepesi: mRNA inafanana nao, T tu ndiyo inageuka U. Soma swali mara mbili kabla ya kuanza kuoanisha.

Kipande nilichokupa sikukitunga. Ni mwanzo wa jeni ya beta globini ya binadamu. Sasa rudi kwenye hatua ya pili, kundi la saba, CTC, ubadilishe herufi moja liwe CAC. Kodoni ya GAG inakuwa GUG, na asidi glutamiki inakuwa valini. Umeandika kwa penseli ugonjwa wa selimundu. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha mwaka 1957 kwamba tofauti yote ni asidi amino hiyo moja. Vitabu vingi huiita nafasi ya 6 na wewe umehesabu 7, usishtuke: methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, na wengi hawaihesabu.

Swali la alama nyingi haliishii hapo. Linakutaka upande ngazi yote:

- jeni: herufi moja imebadilika
- protini: valini inakwepa maji, asidi glutamiki inayapenda
- molekuli: oksijeni ikipungua, hemoglobini zinagandamana na kuwa nyuzi ndefu
- seli: chembe nyekundu inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo
- mwili: maumivu makali, upungufu wa damu
- jamii: aliyerithi nakala moja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki

Wengi huishia ngazi ya pili, kisha wanalalamika kwamba msahihishaji ni mkali.

"Kwa hiyo nikariri kodoni zote 64?" Hapana. Jedwali hutolewa. Jua AUG ya kuanzia na tatu za kusimamia: UAA, UAG, UGA. Muda utakaookoa utumie kufanya mazoezi ya kugeuza nyuzi.

"Na riplikesheni, transkripsheni na transleisheni? Zinanichanganya." Tengeneza jedwali lako la mistari mitatu, uulize kila moja: inatokea wapi, nani anafanya kazi, anasoma nini, anatoa nini. Usinakili la mwenzako. Kulitengeneza ndiko kusoma kwenyewe. Weka na alama pembeni kwamba bakteria hana kiini, hivyo ribosomu zake huanza kusoma mRNA wakati bado inaandikwa. Swali hilo hupenda kurudi.

## Kuhesabu kromosomu bila kubahatisha

Kanuni ni moja: hesabu sentromia. Sentromia moja, kromosomu moja, hata kama ina kromatidi mbili. Chukua kitunguu, ambacho seli yake ya kawaida ina kromosomu 16, uhesabu:

Mitosisi
- kabla DNA haijanakiliwa: kromosomu 16, molekuli za DNA 16
- profezi: kromosomu bado 16, lakini kromatidi 32
- anafezi: sentromia zimeachana, sasa kromosomu 32
- kila seli mpya: 16

Meiosisi
- profezi ya kwanza: 16, kromatidi 32
- anafezi ya kwanza: 16 bado, nane kila upande, kila moja na kromatidi zake mbili
- kila seli baada ya mgawanyiko wa kwanza: kromosomu 8, kromatidi 16
- anafezi ya pili: 16
- mwisho: seli nne, kila moja na 8

Kwa binadamu anza na 46 na ufuate njia ile ile. Anafezi ya mitosisi itakupa 92, na ndilo jibu la swali la pili pale juu.

Idadi inapungua kwenye mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi. Wanaosema wa pili wameangalia kromatidi badala ya sentromia.

Kama bado hupati, achana na kitabu, nenda kwa fundi cherehani umwombe vipande vya nyuzi za rangi mbili. Rangi moja ya mama, nyingine ya baba. Kata jozi mbili zenye urefu tofauti. Kunakili DNA: kila uzi utafutie mwenzake wa rangi ile ile, uwafunge fundo katikati. Fundo ndilo sentromia. Sasa cheza meiosisi mezani. Ukiwa umeshika nyuzi mkononi, hutasema tena kwamba kromatidi dada mbili moja ni ya baba na nyingine ya mama. Kosa hilo hukaa kichwani hadi mwaka wa tatu, kwa sababu hakuna anayelitamka kwa sauti likasahihishwa. Kromatidi dada ni nakala za kitu kimoja. Za baba na mama ndizo zinazoitwa homologasi, na hizo huachana mapema zaidi, kwenye mgawanyiko wa kwanza.

Ukimaliza, mwambie mwenzako wa chumbani akuvurugie: jozi moja isiachane. Utapata gameti yenye moja ya ziada na nyingine yenye pungufu. Hapo swali la kromosomu ya 21 iliyo tatu badala ya mbili linajieleza lenyewe.

## Nishati: acha kujumlisha ATP, fuata elektroni

"Glukosi moja inatoa ATP 38 au 32?" Nimeulizwa hili kuliko jingine lolote kwenye mada hii. Vitabu vya zamani, pamoja na vile tulivyosomea kidato cha sita, huandika 36 au 38. Vya sasa huandika takriban 30 hadi 32, kwa sababu kila NADH huhesabiwa ATP 2.5 na FADH2 1.5, badala ya 3 na 2. Kwenye mtihani fuata hesabu ya mwalimu wako, ila andika sentensi moja kuonyesha umeitoa wapi. Kisha endelea, maana namba hiyo ni alama moja au mbili. Alama kumi ziko kwenye swali la namna hii:

*Mtu amekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukatoa sianidi mwilini. Sianidi hushika kompleksi ya nne ya mnyororo wa elektroni. Eleza kinachofuata.*

Usiandike "mitokondria inakufa kwa hiyo hakuna nishati". Fuata foleni:

1. Elektroni hazimfikii mpokeaji wa mwisho, yaani oksijeni. Kwa kawaida oksijeni huzipokea, ikachukua protoni, ikawa maji. (Hilo ni jibu la swali la nne.)
2. Elektroni zinarundikana nyuma, kompleksi zinazoitangulia ya nne nazo zinasimama.
3. Protoni hazisukumwi tena kuvuka utando wa ndani wa mitokondria, tofauti inapotea.
4. Kimeng'enya kinachotengeneza ATP kwa mkondo wa protoni kinakosa mkondo.
5. NADH inajaa, NAD+ inakosekana, mzunguko wa Krebs unasimama.
6. Glikolisisi inaendelea kwa msaada wa laktati inayorudisha NAD+, ikitoa ATP 2 tu kwa kila glukosi.

Damu ya mtu huyo ina oksijeni. Seli ndizo haziwezi kuitumia. Ukiandika sentensi hiyo mwishoni, msahihishaji anajua anasoma kazi ya mtu aliyeelewa.

Sasa badilisha sumu. DNP, iliyouzwa Marekani miaka ya 1930 kama dawa ya kupunguza unene hadi ikaua watu, haizibi mnyororo. Inatoboa njia ya protoni kupita pembeni. Elektroni zinakimbia, oksijeni inatumika kwa wingi kuliko kawaida, ATP inapungua, na nishati inatoka kama joto. Weka sumu hizi mbili kwenye karatasi moja: moja inashusha matumizi ya oksijeni, nyingine inayapandisha, na zote zinashusha ATP. Ukiweza kueleza kwa nini, mada umeimaliza.

Na ndiyo, mmea una mitokondria. Usanisinuru unatengeneza sukari, lakini mmea nao lazima uivunje sukari hiyo, mchana na usiku.

## Utando na maji

Sitakaa sana hapa, ila makosa mawili yanahitaji kufa.

- Kusema "myeyusho wa haipatoniki" bila kusema dhidi ya nini. Ni neno la kulinganisha. Andika kila mara: haipatoniki *kuliko ndani ya seli*. Na kwa kuwa haipatoniki na haipotoniki zinafanana masikioni, usitegemee neno. Andika maji yanaelekea wapi.
- Kusahau ukuta wa seli. Chembe nyekundu ikiwekwa kwenye maji yaliyochujwa kabisa inapasuka, ndiyo maana dripu ni chumvi ya asilimia 0.9 na si maji matupu. Seli ya mmea kwenye maji hayo hayo inakakamaa tu, kwa sababu ukuta unaizuia.

Jaribio la chumbani: kata kiazi mviringo vipande vya chipsi. Vingine viweke kwenye maji ya bomba, vingine kwenye maji yenye vijiko kadhaa vya chumvi. Rudi baada ya saa moja uvikunje. Cha kwanza kinakatika kwa mlio, cha pili kinapinda kama mpira. Kabla hujavishika, andika utabiri wako na sababu. Bila utabiri umepoteza kiazi.

## Maabara: alama zinazopotea bure

Najua hadubini ni moja kwa watu wanane, na anayefika wa kwanza haachii. Panga na kundi lenu kila mtu aweke slaidi yake mwenyewe, badala ya wote kuchora ya mmoja. Kisha:

- Anza na lenzi ndogo kabisa, ndipo upande. Ukifika ya 40, usiguse tena skrubu kubwa. Utavunja slaidi, na pengine lenzi.
- Ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini: 10 kwa 40 ni 400.
- Shusha kifuniko cha slaidi kwa mshazari, polepole. Ukikidondosha, hewa inanaswa. Kiputo cha hewa kinaonekana duara safi lenye ukingo mnene mweusi, na kila mwaka kuna ripoti ambazo duara hilo limeandikwa "kiini". Kiini cha kitunguu, ukishatia iodini, ni doa la kahawia lisilo na ukingo mweusi namna hiyo, mara nyingi limesogea pembeni.
- Chora kwa penseli kali, mistari isiyokatika, bila kivuli. Mistari ya majina ipige kwa rula, isikatane.
- Ukuzaji wa mchoro wako haulingani na wa hadubini. Gawa upana wa mchoro kwa upana halisi, kwa kipimo kimoja. Umechora seli yenye milimita 45, halisi ni mikromita 150: geuza milimita ziwe mikromita 45,000, gawa kwa 150, unapata mara 300. Asiyegeuza anapata 0.3, na haoni ajabu kwamba mchoro umekuwa mdogo kuliko seli.
- Pipeti ina vituo viwili. Vuta ukiwa kituo cha kwanza, mwaga hadi cha pili. Ukivuta kutoka cha pili umechukua zaidi ya ulichopanga, na majibu yako yote yatapotoka bila wewe kujua kwa nini.
- Kwenye jeli ya elektroforesisi, DNA ina chaji hasi, inakwenda kwenye chanya. Visima viwe upande wa hasi. Angalia waya kabla ya kuwasha umeme, maana ukikosea sampuli inakimbilia nje ya jeli. Vipande vifupi ndivyo vinavyofika mbali.

"Chuo chetu hakina mashine ya PCR. Nitaielewaje?" Kwa karatasi. Chora uzi mara mbili, utenganishe (nyuzijoto 95 hivi), weka praima kila upande zikitazamana (50 hadi 65), jenga (72). Rudia mizunguko mitatu kwa kuchora kila kipande. Utagundua kitu ambacho wengi waliosimama mbele ya mashine hawajakigundua: kipande chenye urefu kamili unaoutaka hakionekani kabla ya mzunguko wa tatu. Baada ya hapo ni kuzidisha kwa mbili, na mizunguko 30 inakaribia nakala bilioni moja kwa kila molekuli uliyoanza nayo.

## Lakini, lakini…

"Sina hela ya kitabu, bumu limechelewa." *Biology 2e* ya OpenStax inapakuliwa bure kabisa. Toleo la nne la *Molecular Biology of the Cell* la Bruce Alberts na wenzake liko kwenye NCBI Bookshelf bila malipo. Huligeuzi ukurasa kwa ukurasa, unatafuta kwa neno, na hiyo inakutosha. Kitabu chako cha *Biological Science* (BS) cha kidato cha sita usikigawe bado.

"Naelewa kwa Kiswahili, ila mtihani ni wa Kiingereza." Basi eleweni kwa Kiswahili kwanza, na msione haya. Mweleze mwenzako foleni ya sianidi kwa lugha mnayopigia soga, hadi aweze kukuuliza swali gumu. Kisha, siku hiyo hiyo, iandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, kitendo kimoja kila sentensi. Anayekariri aya ya Kiingereza asiyoielewa hujulikana kwa neno moja likibadilishwa kwenye swali.

"Tunasoma kundi, lakini haisaidii." Kundi la watu sita wanaomsikiliza mmoja ni mhadhara mwingine. Wawe watatu au wanne, kila mmoja akiwa na karatasi yake. Mmoja anatunga uharibifu ("ligasi imekosekana", "primasi imekosekana"), wengine wanachora matokeo kimya, ndipo mnalinganisha. Mnapotofautiana ndipo pa kufungua kitabu.

"Past paper zinarudi, kwa nini nisikariri majibu?" Zinarudi zikiwa na herufi zilizobadilishwa. Fanya hivi: chukua swali la zamani, badilisha sharti moja, ulijibu upya. Lililouliza kiolezo lifanye la msimbo. Lililouliza binadamu lifanye la kitunguu.

"Naiuliza programu ya akili bandia kwenye simu." Kwa maelezo ya jumla inasaidia. Kwa kugeuza nyuzi na kuhesabu kromatidi, fanya mwenyewe kwanza, kisha linganisha, na mkihitilafiana kitabu ndicho mwamuzi.

## Kama umeshapata sap (mtihani wa marudio)

Usianze upya na sura ya kwanza. Hilo ndilo kosa la karibu kila anayesap: anasoma muundo wa seli kwa wiki mbili, sehemu aliyoifaulu tayari, na anafika kwenye jeni siku mbili kabla ya mtihani.

Omba kuiona karatasi yako ya mtihani wa mwisho (UE). Vyuo vingi vina utaratibu wa hilo, ingawa wanafunzi huogopa kuuliza. Gawa alama ulizopoteza kwenye mafungu manne: mwelekeo, kuhesabu, matokeo ya uharibifu, na maneno tu. Fungu kubwa ndilo unaloanza nalo kesho asubuhi. Kama ni mwelekeo, andika vipande vya DNA ovyo ovyo, vitano kila siku, vingine vikianza na 5' vingine na 3', uvitoe hadi asidi amino. Kama ni kuhesabu, toa zile nyuzi za fundi. Kama ni matokeo, jiandikie orodha ya vimeng'enya vyote ulivyofundishwa, uvifute kimoja kimoja, na kwa kila kimoja andika foleni ya hatua zisizopungua nne. Fungu la maneno liache la mwisho, lifanye kwenye daladala.

Na ukienda kumwona mwalimu, nenda na karatasi yenye jaribio lako lililokwama. Ukimwambia "sielewi jenetiki" atakurudisha kwenye slaidi. Ukimwonyesha mstari ulipogeuza ncha vibaya, dakika tano zinatosha.